Umeme Ukikatika Jumapili

Ninyi wajukuu, na wengine wa umri wenu mtakaozipata karatasi hizi, kaeni chini msome, na simu muiweke mbali. Mmezoea kwamba mtu akiwa nchi nyingine unagusa kioo na anatokea, anacheka, unamwonyesha sahani yako umekula nini. Mimi sikuwa na hicho. Nilikuwa na saa moja kwa wiki, Jumapili saa mbili asubuhi. Nataka mjue kwa nini nyumba yetu ya Parkdale, huku Toronto, ilikuwa na ndoo za maji bafuni kila majira ya baridi, kwa nini niliwakaririsha namba ya simu kama sala, na kwa nini siku zile za barafu niliwalaza kwenye baridi wakati nyumba yenye joto tulikuwa tumeshapewa. Mama yenu alikwisha kunisamehe. Ninyi sijawahi kuwauliza.

Sikusoma sana. Darasa la nne, basi. Nitaandika kama ninavyosema, na nikirudia jambo mjue limenikaa.

Kwetu ni Njombe. Mtu wa Dar akija kwetu mwezi wa saba anavaa masweta mawili na bado analalamika. Asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe, umande umeganda juu yake, na ng'ombe anatoa moshi puani. Kwa hiyo nilipoletwa Toronto kumlelea mama yenu watoto, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, watu walinipa pole ya baridi nikawaambia hapana, baridi naijua. Nilikuwa naijua ya kwetu tu.

Baridi ya kwetu ina pa kukimbilia. Unakwenda jikoni, kijumba cha matofali mabichi nyuma ya nyumba, kuni za miwati zinawaka katikati, moshi unatafuta mwanya wa kutokea kwenye paa. Dada yangu alinizidi miaka saba. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye akawa mama. Aliacha shule akachuma pareto kwenye mashamba ya watu ili mimi nifike hilo darasa la nne. Jioni alikuwa anapuliza moto mpaka macho yanamwiva, halafu anakaa, na mimi nachomeka miguu chini ya mapaja yake.

"Toa miguu yako ya chura," anasema.

Lakini mwenyewe haitoi. Wala hasogei. Nimelala kwenye magodoro mengi tangu hapo, na hita za ukutani nimezigusa, na bado miguu yangu haijapata mahali pengine kama pale.

Kijijini kwa dada mtandao wa simu haukuwepo, miaka hiyo. Ulikuwa unashikwa mahali pamoja tu, juu ya kilima, kwenye uwanja wa shule, nyuma ya goli la upande wa msituni. Ukisogea hatua tatu kulia, simu imekufa. Mwanawe wa kiume alikuwa na simu ya mkononi. Basi kila Jumapili saa kumi jioni ya kwao, ambayo ni saa mbili asubuhi ya kwetu huku wakati wa baridi, walipanda kilima, dada na kigoda chake kichwani, akakaa nyuma ya goli akingoja. Mimi nakwangua kadi ya kupigia simu nje, nabonyeza namba ndefu ya kadi, halafu natafuta jina la dada ndani ya simu, nabonyeza, naweka sikioni.

"Kamwene," nasema, salamu ya kwetu.

"Kamwene. Umechelewa."

"Sijachelewa. Saa mbili kamili."

"Saa ya huko imechelewa, basi."

Alikuwa hivyo. Hakukubali kwamba jua linaweza kuwa mahali pawili. Na huku saa inasogezwa mara mbili kwa mwaka, kiangazi nampigia saa tatu, baridi nampigia saa mbili, nikabandika karatasi ukutani nisije nikakosea. Tuliongea nini? Hakuna. Mahindi yameoza ncha. Jirani amejenga choo cha bati. Mimi namwambia nimeona mtu anamvalisha mbwa viatu, anasema uongo. Kadi ikikaribia kuisha yule mwanamke wa ndani ya simu anakatiza kwa Kiingereza kusema dakika zilizobaki, dada anauliza, "Huyo ni nani anaingilia?" Miaka yote alimuuliza, na miaka yote nilimjibu. Yeye hakukata simu hata siku moja. Alikuwa anangoja mpaka ikatike yenyewe.

Mkitaka kujua nilikuwa naishi kwa ajili ya nini wiki nzima, ninapowasuka nywele na kuwapeleka shule na kuwafokea, ni hiyo.

Sasa umeme. Nilipoolewa niliishi Iringa mjini, na umeme wa mgao ninaujua kama ndugu wa mume: anakuja akipenda, anaondoka bila kuaga. Ukikatika unawasha mshumaa, unachota maji mapema kwa sababu na bomba litafuata, unatoa mkeka nje. Watu wote wanatoka. Giza lenyewe linaleta maongezi, watoto wanakimbizana, na ukirudi mtaa mzima unapiga kelele, umerudi, umerudi, halafu kila mtu anaingia kwake na unasikitika kidogo.

Kwa hiyo mama yenu aliponiambia kwamba hata huku umeme hukatika, hasa mvua inayoganda ikiangusha matawi kwenye nyaya, nilicheka. Nilinunua mishumaa paketi tatu na viberiti. Nikajaza ndoo. Nikamwambia, wewe nenda kazini, mambo haya ni yangu. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara zamu ya mchana, mara ya usiku, na simu yake ya mkononi anakwenda nayo.

Ulikatika Jumapili alfajiri, mwezi wa kwanza, mwaka wangu wa tatu au wa nne. Mama yenu yuko zamu. Mkubwa ulikuwa darasa la pili, mdogo unatambaa. Nikawasha mishumaa nikiwa najivuna. Nikafungua mapazia yote mwanga uingie. Halafu, ninyi mnasema sikumbuki lakini nakumbuka, nikafungua mlango wa roshani nikatoka, nikaegemea ukingo nione majirani wametoka. Ndivyo tunavyofanya. Umeme ukikatika unatoka nje. Ghorofa zote zimenyamaza, hakuna mtu hata mmoja kwenye roshani yake. Nikasimama pale nikingoja mtu wa kumwambia pole, na mlango nyuma yangu wazi, na joto lote la nyumba linanipita mgongoni kwenda zake.

Kwetu umeme ukikatika unapoteza taa. Huku umeme ukikatika unapoteza moto. Nilikuwa nimejiandaa kwa giza, kumbe la kujiandalia ni baridi. Katika muda mfupi mabomba ya joto ya ukutani yakawa kama mgongo wa samaki. Nilirudi ndani nikafunga, lakini nilikuwa nimekwisha kuitoa nje ile akiba niliyokuwa nayo.

Ilipofika saa mbili nilichukua simu nimpigie dada.

Simu ile ilikuwa ya kisasa, haina waya, mama yenu aliinunua akaitupa ile ya zamani. Unaizungusha nyumba nzima ukipika. Sikujua kwamba kile kitako chake kinakula umeme wa ukutani. Nikaweka sikioni, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Na namba ya dada ilikuwa humo ndani. Mimi sikuwa naijua. Nilikuwa najua kubonyeza jina lake, basi. Nilikuwa nakumbuka sifuri na saba za mwanzo, na baada ya hapo ukuta.

Nikambeba mdogo mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, tukagonga kwa jirani, mama mmoja mwema wa Kitibeti. Alikuwa na simu ya mkononi. Akanipa kwa mikono miwili. Nikaishika, nikaitazama, namba sina. Nikamrudishia. Alidhani sijui kuitumia akaanza kunionyesha, polepole, na mimi sina Kiingereza cha kumweleza kwamba si kujua kubonyeza, ni cha kubonyeza ambacho sina. Mkubwa, ulikuwa na miaka saba na ulijua Kiingereza kuliko mimi, ulisema, "Bibi hajui namba," na sijui kama umewahi kusema jambo la kweli kuliko hilo.

Nilirudi nikakaa. Nilikuwa naona kigoda nyuma ya goli. Mwezi wa kwanza ni masika kule, mvua hainyeshi kwa utani.

Umeme ulirudi jioni. Nikapiga, hapatikani. Walikuwa wameshashuka. Nikapiga Jumatatu, Jumanne. Jumatano mwanawe alikuwa mjini, akapokea.

"Mama mdogo, mbona hukupiga?" akasema. "Mama alikaa mpaka giza. Nilimwambia tushuke, mvua inanyesha, akasema mdogo wangu hajawahi kukosa, labda saa ya kule imechelewa. Alinyeshewa yote. Sasa anakohoa."

Niliposikia habari ya saa imechelewa niliondoa simu sikioni kwanza.

Jumapili iliyofuata alipanda tena, amefungwa mablanketi. Nikamweleza yote, umeme, kitako, namba. Alisikiliza.

"Nilijua umekufa," akasema. "Nilikaa pale nawaza nani nitamwomba kanga nyeusi."

"Nisamehe, dada."

"Ulaya mnakatikiwa umeme?"

"Si Ulaya, ni Kanada."

"Huko huko. Mimi sina umeme na nimefika. Wewe unao ukashindwa."

Nilicheka na yeye akacheka, kisha akakohoa muda mrefu, na dakika za kadi zinakwenda. Kikohozi kile hakikumtoka tena. Kila baridi ya kwao kilirudi, na kila kiliporudi kilimchukua kidogo zaidi. Daktari alisema ni kifua cha moshi wa miaka mingi. Labda. Mimi najua alinyeshewa akinisubiri.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa ya sheria, na ninyi mkanichukia kidogo, najua.

Nilinunua simu ya waya kwenye duka la vitu vilivyotumika. Ilikuwa na rangi ya uji, nzito, unaweza kumpigia mwizi. Fundi aliyekuja kutengeneza soketi alinieleza kwamba hiyo inapata nguvu yake kwenye waya wa simu wenyewe, umeme wa nyumba uwepo usiwepo. Nikambusu fundi yule mkono, akashtuka. Mama yenu alisema inachafua sebule. Nikamwambia sebule nitafagia. Namba ya dada niliiandika kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati la vikombe, na ninyi wawili mliikariri. Hamkupata uji mpaka muitaje. Mdogo ulikuwa unaiimba kabla hujajua kuhesabu.

Na baridi nikajifunza upya kama mtoto. Niligundua chumba kidogo chenye dirisha moja ndicho kinachokaa na joto, si sebule. Nikaweka humo blanketi zote, magodoro, na mfuko wa soksi na kofia, kila mtu na wake, kwa sababu gizani mtu haanzi kutafuta. Dirisha nikalibandika plastiki ile inayovutwa kwa joto la kikaushio cha nywele, na chini ya mlango nikasukuma kitenge kilichokunjwa. Redio ikisema mvua ya barafu inakuja nilichemsha maji nikajaza chupa zote nne za chai kabla ya kulala, na ndoo, kwa sababu ghorofa ya tisa maji hupandishwa kwa mashine na mashine ni umeme. Friza ilikuwa na kisamvu na nyama. Nikaweka sanduku la plastiki roshani, umeme ukikatika vyote vinahamia huko. Hilo lilinifurahisha. Nchi inayokunyima joto angalau ikutunzie nyama. Mishumaa niliitupa baada ya pazia kuungua ncha, kila mtu akapewa tochi. Na mkaa sikukubali. Jirani wa chini alitaka kuingiza jiko lake la kuchomea nyama ndani, nikamshukia ngazi nikamwambia kwa mikono na kwa kichwa kwamba kwetu tumezika watu waliolala na mkaa mlango umefungwa. Alinielewa.

Jumamosi moja mchana nilifanya jaribio. Nilikwenda kwenye lile sanduku la swichi nyuma ya mlango nikazima kubwa. Televisheni ikafa.

"Umeme umekatika," nikasema.

Mkubwa ulitoka chumbani na vitu masikioni. "Bibi, umezima wewe. Nimekuona."

"Nimesema umekatika. Kofia yako iko wapi?"

Ukajibu kwa Kiingereza, maneno marefu, nikasikia tu kwamba mimi ni askari.

"Hata kwa Kiingereza, kofia yako iko wapi?"

Mdogo ulikuwa umeshavaa kofia, soksi mbili, umekaa kwenye godoro na tochi mdomoni, unaitaja namba ya dada yangu, ambaye mlipaswa kumwita bibi lakini mlikuwa mnamwita "bibi wa goli". Mama yenu alikuwa amelala baada ya zamu. Akaamka, akaja na kanga begani, akatuangalia.

"Mama, mlo uko kwenye oveni," akasema.

"Uivie huko huko."

Alikwenda akawasha swichi. Akarudi kulala. Lakini nilikuwa nimehesabu: tulikuwa tayari wote kabla maji ya sinki hayajapoa. Niliridhika.

Miaka ikapita. Waliweka mnara karibu na kijiji, na dada hakuhitaji kilima tena, na ilikuwa vizuri kwa sababu hakukiweza. Nilimpata kitandani kwake. Nilikosa upepo wa uwanja wa shule kwenye simu. Zamani nilikuwa nasikia upepo, na watoto, na mtu anapiga mpira. Sasa nasikia pumzi yake tu na jogoo.

Nilikuwa nataka kwenda kumwona. Kila mwaka nilisema mwakani. Karatasi zangu za ukaazi zilichelewa, halafu mama yenu aliugua mgongo, halafu ninyi. Sisemi ni ninyi. Nasema ndivyo mwaka unavyopita ukiwa na watoto ndani.

Ikaja ile barafu. Mkubwa unaikumbuka vizuri, ulikuwa sekondari. Siku chache kabla ya Krismasi mvua ilinyesha na kila ilichogusa kikawa kioo: miti, nyaya, mikono ya bembea. Usiku tulisikia matawi yanavunjika kama bunduki za mbali. Umeme ulikatika Ijumaa, na haukuwa mtaa wetu tu, ilikuwa nusu ya mji. Jumapili ya nyuma yake, mwanawe dada alikuwa amechukua simu kutoka mkononi mwa mama yake akatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, sauti inampungua. Jumapili ijayo usikose."

Basi mimi nilikuwa nangoja Jumapili hiyo, na umeme ulijua kuchagua.

Nyumba ilifanya kazi. Lazima niseme. Ndoo zimejaa, chupa za moto, chumba kidogo kimefungwa, nyama iko roshani. Ijumaa tulikula njugu na mkate na maharage ya kopo, mkacheka, mkacheza karata mkiwa na glavu. Jumamosi hamkucheka. Simu ya mama yenu ilikuwa imekufa chaji. Lifti imesimama. Mchana mvuke ulianza kututoka midomoni ndani ya nyumba, na mdogo ukaanza kukohoa.

Simu ya waya ililia Jumamosi alasiri. Alikuwa ni mzee mmoja wa Kiismailia, mzaliwa wa Iringa, mwenye duka tulilokuwa tunanunua unga wa sembe. Alikuwa anaishi Richmond Hill, nje kidogo ya Toronto, na kwao umeme ulikuwepo. Kiswahili chake ni cha sokoni Iringa, kisafi.

"Dada wa Njombe, mko hai?"

"Tupo, mzee wangu."

"Nakuja kuwachukua. Nyumba kubwa, wajukuu wako wana chumba chao. Mke wangu ameshatandika."

Nikamwambia asante sana, lakini kesho, baada ya saa mbili na nusu. Akasema barabara ni mbaya, leo mchanga umemwagwa juu ya barafu, kesho hajui. Nikasema kesho. Akasema, "Haya, wewe ndiye mkubwa. Nipigie saa yoyote."

Mama yenu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, umemkataa?"

"Nimemwambia kesho."

"Utapiga simu kwao. Wana simu."

"Na tukikwama njiani? Na wao wakikatikiwa usiku, wana simu ya waya? Hii naijua. Hii inaita."

"Mtoto anakohoa, Mama."

"Nasikia. Nina masikio."

"Ni simu tu."

Nilimwangalia. Akainamisha macho, kwa sababu alijua si simu tu, alikulia mgongoni kwa dada yangu wakati mimi nauza nguo sokoni. Akaenda akalala karibu na ninyi na koti lake. Mimi nilikaa na miguu kwenye blanketi mbili na haikupata moto.

Dada yangu hayupo tena. Nalisema sasa ili lisiwasumbue mbele. Tulizungumza Jumapili nyingine saba baada ya hiyo, na ya nane mwanawe alipokea yeye. Hata leo, miaka imepita, saa mbili ya Jumapili naiona inakuja kama mtu anayepanda ngazi. Naketi. Kanisani nafika nimechelewa, mchungaji ameacha kuuliza. Namba ile bado naijua. Nadhani hata ninyi mnaijua. Kuna mtu mwingine anayo sasa, nilipiga mara moja, sauti ya kijana, nikasema samahani, nimekosea.

Lakini asubuhi ile alikuwepo. Dirisha lilikuwa limeota barafu upande wa ndani. Mlikuwa mmelala mmebanana, pua tu zinaonekana. Nikakwangua kadi kwa kucha, kwa mwanga wa tochi ya mdogo, nikabonyeza. Iliita mara mbili.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene." Sauti ilikuwa kama karatasi inayosuguliwa. "Umechelewa."

"Saa mbili kamili, dada."

"Haya."

Nilikuwa nimetayarisha mambo mengi ya kumwambia. Wiki nzima nayapanga. Shukrani, na ile mvua ya nyuma ya goli, na kwamba ningepanda ndege mwezi wa tatu hata kwa kuazima. Nikafungua mdomo, na mdogo ukakohoa kule chumbani, mara moja, mara tatu, kikavu.

"Nani huyo?" dada akauliza.

"Mdogo. Umeme umekatika tangu juzi. Kuna baridi kidogo."

"Kidogo kama ipi?"

Sikuwahi kuweza kumdanganya. "Pumzi inaonekana."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani. Lakini nimejiandaa, maji yapo, blanketi..."

"Hakuna mtu mwenye moto huko?"

"Yupo. Mzee mmoja wa Iringa. Jana alitaka kutuchukua."

Jogoo wake akawika. Nilisikia anavuta pumzi, anaikusanya kama mtu anayeinua debe.

"Kwa nini uko hapo?"

"Leo ni Jumapili, dada."

"Mimi nimekuuliza kwa nini uko hapo na watoto."

Nikautazama mlango wa chumba kidogo.

"Umemkalisha mtoto kwenye baridi anakohoa," akasema, "unanipigia mimi unisikie nikikohoa. Kikohozi hukijui? Mimi nilikaa kwenye mvua kwa sababu sikuwa na mtu mgongoni. Nilikuwa peke yangu, nikaupenda ujinga wangu. Wewe unao watoto. Kuni zipo kwa jirani wewe unakaa kwenye majivu."

"Nilitaka nikusikie."

"Umenisikia."

"Dada."

"Nakata. Nipigie ukiwa kwenye joto, hata usiku, nitapokea. Sasa nakata mimi."

Na akakata. Dakika zilikuwa zimebaki nyingi kwenye kadi. Miaka kumi na zaidi, hakuwahi kukata, na akakata. Nilibaki nimeshika simu ile ya rangi ya uji, inalia ule mlio wake mmoja mrefu. Mama yenu alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani. Alinyoosha mkono, na nikampa simu.

"Mpigie mzee wa Iringa," nikasema. "Mwambie aje sasa, tutamngoja chini mlangoni. Mkubwa, amka, mvalishe mwenzako makoti mawili, umshike mkono ngazi za ghorofa zote tisa. Ndoo ziacheni. Blanketi ziacheni. Hakuna wa kurudi kuchukua kitu. Vaeni viatu, tunatoka."